Kisu Tulichomchagulia Baba

3 Machi

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na moto wako. Mimi sijambo, ila mgongo unanilalamikia. Waliponipandisha kuwa msimamizi wa wakataji hapa kiwandani nilidhani sasa nitakaa kitini kama watu. Kumbe nakata vitambaa vyangu, halafu nasahihisha na vile ambavyo wenzangu wamevikata upande.

Najua siku hizi watu wanapigiana simu. Lakini wewe masikio yako yameliwa na nyundo, na baba ndiyo hivyo tena, anasema sauti isiyo na uso haina ruhusa ya kumwita jina. Basi nimenunua bahasha.

Nina jambo, na naomba libaki kati yetu. Nataka umtengenezee baba kisu cha kuwindia, zawadi kutoka kwangu. Ameshaufunga mlango wa bucha yake kabisa, na barua zake sasa ni habari za porini tu: msimu, nyayo, upepo umegeuka. Kile kisu chake cha zamani anasema hakionekani. Mwindaji bila kisu ni sawa na mimi bila mkasi, atabaki kusimulia tu.

Nimekiwaza hivi. Kisiwe cha kukunja. Kiwe cha ukubwa wa kati: si panga, wala si kile cha kumenyea viazi. Bapa liwe refu kuzidi kiganja changu kidogo, vidole usivihesabu. Chuma kiwe kipande kimoja toka ncha mpaka mwisho wa mpini, na mpini uwe wa mti mgumu mweusi. Kati ya mpini na bapa usiweke ile kinga ya vidole. Unakumbuka baba alivyokuwa akizicheka? Alisema ni kama vizuizi vya watoto kwenye ngazi.

Na chuma chenyewe kiwe cha kaboni, kile ambacho usipokifuta kinashika kutu. Usinipe stenlesi. Mikasi yangu ni ya kaboni na naifuta kila jioni kabla ya kunawa mikono. Nani alinifundisha? Baba.

Msimu unafunguliwa Juni. Utawahi?

Mwanao,
Chiriku


19 Machi

Chiriku, marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Hongera ya cheo. Mgongo upake kitu cha moto na uache kujifanya chuma, maana hata chuma kinachoka.

Kuhusu kisu, nimefurahi umenikumbuka. Lakini niruhusu nikushauri kama fundi. Ningekuwa mimi, ningechukua stenlesi. Usinune. Stenlesi ya siku hizi si ile ya vijiko. Inashika makali, tatizo lake ni kuchelewa kunoleka tu. Halafu ukikisahau na damu yake ndani ya ala, asubuhi unakikuta vilevile. Bapa ningelifupisha, vidole vinne vinatosha kuchuna mnyama yeyote wa huku kwetu. Kinga ya vidole ningeiweka, kubwa. Na mpini ningeufanya wa ile plastiki ngumu ya rangi ya chungwa, ili kikianguka majanini kionekane.

Najua si kisu ulichokiota. Ila sikiliza. Kisu huchaguliwa kwa kuutazama mkono utakaokishika, na mkono wa kaka, baba yako, hujauona muda mrefu. Kwa nini usije wewe kwanza, kisu kikafuata? Hata siku chache tu. Utakaa naye, mtakula, utamtazama, kisha utaniambia mwenyewe kisu gani kinamfaa.

Mimi ni mzima. Kaka naye yupo.

Baba yako mdogo,
Fundi


2 Aprili

Baba Mdogo, shikamoo.

Rangi ya chungwa? Baba anakwenda kuwinda au kuongoza magari barabarani? Nimecheka hadi wasichana wa mezani kwangu wakaja kuuliza kuna nini.

Lakini nilipomaliza kucheka nilichukia kidogo, nisikufiche. Kisu kifupi, kinga kubwa, chuma cha mtu mvivu. Hicho ni kisu cha kumpa mtoto anayejifunza. Baba amekata nyama tangu sijazaliwa na vidole vyake vyote viko mahali pake. Hajawahi kulaza kisu na damu. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala njaa ikiniuma kwa sababu nyama iko jikoni na yeye bado yuko uani, anafuta, anapaka mafuta, anafuta tena. Leo unaniambia akikisahau! Baba asahau kisu?

Kuja siwezi. Tumepata kazi ya sare za shule kibao, na msimamizi mpya akiomba ruhusa mwezi wa pili wa cheo chake, cheo kinarudi kilikotoka. Nitakuja mwisho wa mwaka, Mungu akipenda.

Nitengenezee nilichokuomba.

Mwanao,
Chiriku


10 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako ambaye ni mzima, meno tu ndiyo yanahama nyumba. Barua yako imefika. Nimefurahi umekuwa mkubwa wa hao wakataji. Usiwafokee. Mtu akifokewa mkono unatetemeka, na mkono ukitetemeka kitambaa kinalia.

Huku mvua zimeshika. Nyayo zinaonekana vizuri. Juzi nilikaa kule juu ya machimbo ya zamani, upepo ukinijia usoni, akatoka nguruwe pori dume, mkubwa kama kabati la mama yako. Kakaribia, kakaribia, pumzi yake naisikia. Ndipo pua ikaniwasha. Nikapiga chafya! Sijui nani kati yetu alikimbia zaidi.

Bucha nimeifunga na siijutii. Miguu ilichoka kusimama. Jirani yangu, yule mwalimu wa chekechea, huniletea uji na anapenda nimsimulie habari za porini.

Msimu ukifunguliwa nitatoka. Ila, Chiriku, kuna jambo linaniuma. Baba yako mdogo amechukua kisu changu. Kaja hapa, kaketi, kanywa chai, kaondoka nacho. Na bunduki pia, anasema anaisafisha. Bunduki gani inasafishwa mwaka mzima? Mtoto wa mama yangu mwenyewe. Mimi sisemi kitu. Undugu ni undugu.

Nilikuambia habari ya nguruwe? Nilikuwa kule juu ya machimbo, upepo ukinijia usoni, akatoka nguruwe jike na watoto wake. Kakaribia mpaka pumzi yake naisikia, halafu nikapiga chafya! Nilicheka peke yangu porini kama kichaa.

Ukija tutakwenda wote.

Baba yako


21 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nitasema moja kwa moja, maana nikizunguka nitalia.

Baba ameniandikia. Barua nzuri, yenye kuchekesha, hadithi moja kaisimulia mara mbili jinsi alivyoipenda. Lakini ndani yake kuna maneno nisiyoyatarajia. Kumbe kisu chake hakikupotea. Kiko kwako. Na bunduki iko kwako.

Sasa naelewa ushauri wako. Kisu kifupi cha plastiki kwa kaka yako, na cha kweli ubaki nacho wewe. Nilikuwa mdogo lakini si kiziwi, nilisikia mlivyogombana babu alipomwachia baba ile bunduki. Ulisema mkubwa amepewa kila kitu na wewe umeachiwa nyundo. Kumbe bado liko moyoni? Mzee kabaki peke yake, mke hana, mimi niko mbali, wewe ndiye ndugu pekee aliye karibu naye, halafu unamnyang'anya kilichobaki!

Kisu naomba unitengenezee kama nilivyosema mwanzo, neno kwa neno. Na usimpelekee wewe. Nitumie mimi huku, nitampelekea mwenyewe. Samahani kwa kusema hivyo, ila ndivyo ilivyo.

Chiriku


6 Mei

Chiriku mwanangu,

Nimeipata barua yako. Niliisoma nimesimama, nikaketi.

Ni kweli kisu kiko kwangu. Nilikichukua nikinoe, kazi zikanizidi. Bunduki nayo ina kutu mtutuni. Hilo la babu lilikwisha siku tulipomzika, lakini sikulaumu kulifufua. Mimi mwenyewe ndiye niliyelisema kwa sauti kubwa siku ile.

Kisu chako ninakutumia na barua hii. Ni kama ulivyotaka, neno kwa neno. Kaboni. Nilikizimisha kwenye mafuta kingali chekundu kwa moto, kikatoka kimenyooka, jambo ambalo halitokei kila siku. Kisha nikakirudisha kwenye moto mdogo kulegeza ugumu, maana kigumu mno hukatika kama kioo kikigonga mfupa, na laini mno hujikunja. Nilipitisha makali kwenye karatasi ya gazeti ikagawanyika bila sauti. Mpini nimeupaka nta. Kinga ya vidole hakuna.

Chuma hiki, mwanangu, kinataka mtu wa kukikumbuka. Kila siku. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, na ukinikubalia hili, yale mengine yote uliyoniandikia nitayachukulia kama hayakuandikwa. Usikitume kwa posta. Kiweke kwako. Siku utakayokuja, umpe mkono kwa mkono, nami niwepo. Zawadi haiozi.

Njoo, Chiriku. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Baba yako mdogo,
Fundi


30 Mei

Baba mpendwa, shikamoo.

Ndani ya kifurushi hiki, pamoja na kadi hii, kuna kisu. Ni chako. Usimwazime mtu, hata akija na chai yake mwenyewe.

Chuma ni kile unachokipenda. Utakifuta, utakipaka mafuta, utakifuta tena, nami huku nitakuwa nakuona kama nilivyokuwa nakuona uani. Msimu ukifunguliwa toka nacho siku ya kwanza. Halafu uniandikie habari ya mnyama wako wa kwanza. Naisubiri.

Mwanao anayekupenda,
Chiriku


1 Juni

Baba Mdogo, shikamoo.

Kisu nilikipata salama. Lazima niseme haki hata nikiwa na hasira: sijawahi kushika kitu kizuri kama kile. Nilikiweka juu ya meza ya kukatia, wasichana wote wakaacha kazi. Mmoja aliuliza kama fundi wake ana mke.

Nimeshakituma kwa baba. Najua uliomba nisubiri. Lakini mwisho wa mwaka ni mbali, msimu ukipita utakuwa umepita, na mzee hana misimu mingi ya kupoteza. Naona pia nilikuandikia kwa ukali uliozidi. Nikija tutaongea, na wewe utamrudishia vitu vyake, tutasahau.

Tafadhali mpitie siku ya kufungua msimu, umwone akiwa amekivaa.

Chiriku


22 Juni

Chiriku,

Ujumbe wa kaka kulazwa uliupata kutoka kwa jirani, lakini aliogopa kukueleza yote. Nakueleza mimi, maana ni zamu yangu.

Kifurushi alikipokea mwenyewe. Mimi sikujua. Barua yako ya tarehe moja ilinikuta siku ile ile, mchana, nikiwa njiani kumpelekea chakula. Nilikuwa nayo mfukoni, sijaifungua.

Mlango niliukuta wazi. Mezani karatasi za kifurushi zimechanwa, na kadi yako imeegemezwa kwenye kikombe ili isomeke vizuri. Jirani akaniambia alimwona akitoka asubuhi, amevaa lile koti lake jeupe la bucha, kisu kiunoni, amenyoa ndevu. Alimsalimia vizuri kabisa. Alimwambia, "Nawahi. Chiriku anasubiri habari." Jirani akamtakia heri. Ungemzuia vipi mtu aliyenyoa ndevu?

Tulimtafuta watu wengi mpaka giza, na mvua ikanyesha. Tulimwona asubuhi yake, kwenye korongo la juu ya machimbo. Alikuwa amekata matawi ajenge kibanda cha kuvizia, mkono ukateleza kutoka kwenye mpini ukaenda moja kwa moja kwenye makali. Alijifunga kwa mkono wa lile koti. Vizuri alijifunga, daktari alisema ndicho kilichomponya. Nilipomfikia nikaanza kulia kwa sauti, akaniwekea kidole mdomoni. "Punguza kelele," akasema. "Utamkimbiza."

Kisu kilikuwa kimechomekwa ardhini pembeni yake. Usiku mmoja wa mvua ulitosha kukitia madoa mekundu.

Vidole viwili vya kulia havitakunjika tena. Homa ya mapafu imepungua. Hajui yuko wapi, na hilo, Chiriku, halikuanzia korongoni.

Ulianza ugonjwa wa kusahau kabla hajafunga bucha. Bucha aliifunga kwa sababu hiyo. Alikuwa anapima nyama, anakata, anafunga kwenye karatasi, halafu anasimama nayo mkononi hajui ya nani na mteja yuko mbele yake. Siku moja aliacha msumeno wa umeme unazunguka akaenda nyumbani kulala. Kisu chake nilikichukua nilipokikuta kitandani chini ya mto, hakina ala. Bunduki niliichukua siku aliponielekezea mlangoni akiniuliza mimi ni nani. Machimboni alikuwa hajafika muda mrefu sana. Yule nguruwe wa chafya ni wa zamani, wewe ulikuwa bado hujaota meno.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Zipo siku ambazo akili yake huwa safi kama maji. Siku moja ya namna hiyo alinikamata hapa kwenye kifundo cha mkono, akasema, "Usimwambie Chiriku. Ataacha kazi aje kunifulia nguo. Niapie." Nikaapa. Nikaona nimefanya jambo la heshima. Kila ulichoniomba kuhusu kile kisu nilikijibu kwa mafumbo, nikitegemea utafumbua, na ulipoudhika mimi nami nikaudhika.

Na kuna jingine ambalo kaka hahusiki nalo. Uliponiita mwizi nilijiambia, haya, ngoja nimtengenezee kisu ambacho hatapata la kusema. Kilipotoka kwenye mafuta kimenyooka nilifurahi kama kijana. Nilikipenda. Muda wote ule sikumfikiria kaka hata kidogo. Ningeweza kukutumia barua tu, bila kisu. Ningeweza kukwambia chuma kimevunjika. Nilikutumia kwa sababu nilitaka ukione.

Njoo sasa.

Baba yako mdogo


26 Juni

Baba Mdogo,

Napanda gari kesho. Pengine nitafika kwako kabla ya barua hii, lakini nisipoandika nitapasuka.

Ulikuwa na mdomo. Ulikuwa na kalamu. "Chuma kinachotaka mtu wa kukikumbuka"! Mimi ni mkata vitambaa, Baba Mdogo, mimi si mpiga ramli. Neno moja tu, "Baba yako anaumwa," ningetembea kwa miguu.

Halafu nasema hivyo na najua naongopa. Mara mbili uliniandikia njoo. Baba alinisimulia nguruwe yule yule mara mbili kwenye karatasi moja, mara dume, mara jike, nami nikacheka. Alinyoa ndevu akaingia korongoni kwa sababu ya nini, kama si kadi yangu? Mimi ndiye niliyemwandikia kwamba nasubiri habari. Angebaki nyumbani kama ningeandika tu, Baba, kula vizuri.

Sijui nikikuona nitakusalimia au nitakupiga. Niwekee chai.

Chiriku


17 Agosti

Chiriku mwanangu,

Tangu umchukue kaka uende naye kwako, nyumba yake imekuwa na kimya ambacho hata mimi kiziwi nakisikia. Nilizoea kumpelekea chakula mchana. Bado natoka saa ile ile, nafika kwenye geti lake, nageuka.

Siku ulipofika hukunisalimia na hukunipiga, ulipita ukaenda kuketi kando ya kitanda chake. Ulikuwa na haki. Lakini wakati wa kuondoka ulinipa mkono, na mkono ule ninao.

Kile kisu nilikifuta madoa, nikakipaka mafuta. Kiko rafuni. Juzi alikuja mwindaji mmoja akakiomba, akapanda bei, akapanda tena. Sikumpa, na sijui nakiweka kwa ajili ya nani. Kazi za visu nimezipunguza. Natengeneza bawaba za milango.

Niambie anaendeleaje. Anakula? Mkono unamuuma? Ananiulizia? Usinifiche kitu. Hiyo michezo tumeshaicheza.

Baba yako mdogo,
Fundi


9 Oktoba

Baba Mdogo, shikamoo.

Nisamehe nimechelewa kujibu. Kiwandani nimerudi kuwa mkataji wa kawaida, zamu ya asubuhi tu, kwa hiyo cheo kimerudi kilikotoka kama nilivyosema. Yule msichana aliyeuliza kama una mke ndiye msimamizi sasa. Ananiamuru kwa upole.

Umetaka nisikufiche, basi sikufichi. Mkono umepona, ila vidole viwili vimesimama. Anakula vizuri, kuliko mimi. Nimempa chumba changu kwa sababu kina dirisha la barabarani na anapenda kuangalia watu, mimi nalala jikoni kwenye godoro. Mchana, nikiwa kazini, anakaa na mama mwenye nyumba, ambaye amejifunza kufunga geti. Jioni namkata kucha, namsomea gazeti, anasahihisha bei ya nyama.

Hanijui. Nilikuwa nadhani itakuja siku moja akili ikiwa safi kama ulivyosema, aniite jina langu hata mara moja, nimwambie samahani akiwa anajua ni nani anamwomba. Nimeisubiri siku hiyo tangu hospitalini. Nilianza kumwamkia asubuhi kwa sauti ile niliyokuwa nayo utotoni, nikampikia alivyokuwa akipika mama. Juzi nikamwuliza waziwazi, "Mzee, una watoto?" Akasema anaye mmoja, wa kike, anafanya kazi mbali, ni mkubwa wa wakataji. Nikasema, "Anakuja kukuona?" Akanitazama kama nimemtukana. "Ana kazi nyingi," akasema. "Mimi mwenyewe nilimkataza."

Hilo nililimeza palepale. Baadaye, nikiosha vyombo, likanitoka, nikalia nikimwita baba. Nilifungulia maji mengi ili asisikie.

Sasa hivi nakuandikia mezani, naye ameketi mbele yangu, anasugua miwani yake kwa kipande cha sare. Ameniuliza ninamwandikia nani. Nikamwambia, "Mdogo wako, yule fundi." Amefurahi sana. Wewe hakukusahau. Ananiambia ulikuwa unakojoa kitandani. Amesema ana maneno yake na niyaandike kama anavyoyasema, nisipunguze. Haya ndiyo:

"Mdogo wangu, mimi ni mzima. Njoo unichukue kabla mwezi haujaisha. Si kwamba nateswa. Huyu dada wa hapa ni mtu mwema, ananilisha, ananifulia, hanifokei. Lakini juzi nilimsikia jikoni anamlilia baba yake. Nadhani chumba nilichopewa ni cha huyo mzee, na mimi nimelala kwenye kitanda chake, ndiyo maana hawezi kurudi. Si haki. Njoo upesi, nimwachie mtoto wa watu nafasi ya baba yake."

Nimeandika yote kama alivyosema. Anasubiri nimsomee.

Chiriku